Apple Devices kwa Windows: fanya bakapu kabla hujagusa apdeti

Haya watu wangu, karibuni, leo niko hapa Nairobi kwa meza yangu na nataka tuangalie programu moja tu, inaitwa Apple Devices, ni ya kompyuta za Windows na unaipata bure pale Microsoft Store. Ilitoka rasmi 2024 ikachukua kazi ile iTunes imefanya miaka mingi, yaani unachomeka iPhone kwa laptopu, unafanya bakapu, unaapdeti, na mambo yakiharibika unarudisha vitu vyako. Wenye Mac hamuihitaji, yenu iko ndani ya Finder tangu 2019.

Sasa niwaambie kwa nini hii kitu iko kwa roho yangu. Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama chao, simu yake ni iPhone 11 ya GB 64, ex-UK, yaani ilitumika Uingereza kabla ya kuletwa huku, na imejaa pomoni. Siku moja apdeti ikaja, akabonyeza, simu ikakwama kwa ile nembo ya tufaha, inazima, inawaka, inazima. Akaipeleka tao kwa fundi mmoja, jioni akarudishiwa ikiwa inawaka vizuri kabisa lakini ndani hakuna kitu, meseji za M-Pesa za miaka mitatu zimeenda, na hizo ndizo alikuwa anatumia kuonyesha nani amelipa na nani bado. Bakapu hakuwa nayo. Akaniletea hiyo simu akiuliza kama kuna njia yoyote, na njia haikuwepo.

Mtu ataniambia iCloud ipo, ile hifadhi ya Apple ya mtandaoni. Ipo ndiyo, lakini ya bure ni GB 5, na hiyo WhatsApp na picha zinaimaliza mapema sana, baada ya hapo ni kulipia kila mwezi na bado unachoma bando kupandisha. Ukitumia waya, bakapu inaingia kwa laptopu yako bila kula hata MB moja.

Jinsi inavyofanya kazi ni rahisi. Chomeka, simu inauliza kama unaiamini hii kompyuta, kubali, weka namba yako ya siri. Alafu hapo kwa upande wa bakapu kuna kiboksi kidogo cha Encrypt, yaani kufunga bakapu kwa pasiwadi, naomba sana ukitiki. Meseji zinaingia hata usipotiki, lakini bila hicho kiboksi hupati pasiwadi zako, Wi-Fi ulizohifadhi, historia ya simu ulizopiga wala data ya afya, na mtu yeyote akishika hiyo laptopu anaweza kusoma bakapu yako. Pasiwadi utakayoweka iandike mahali, kwa daftari, popote, kwa sababu ukiisahau hiyo bakapu haifunguki tena, hakuna fundi wa kuifungua. Na kama picha zako tayari ziko iCloud Photos, hizo hazitaingia huku. Na tafadhali usifanye hii kazi kwa kompyuta ya saiba.

Kitu sikipendi, na nasema wazi, programu inatupa bakapu yote kwa diski ya C na haikupi nafasi ya kuchagua pengine. Kama laptopu yako ni ya GB 128 utaumia. Mimi bakapu ikiisha nakopi folda nzima inaitwa MobileSync naiweka kwa diski ya nje. Lakini bakapu ya pili na ya tatu huwa haraka, inachukua tu vilivyobadilika.

Apdeti sasa. Ukiapdeti kupitia laptopu, lile faili kubwa la iOS, yaani mfumo unaoendesha iPhone, linashuka kwa laptopu, si kwa simu, kwa hivyo simu iliyojaa kama ya shangazi haihangaiki kutafuta nafasi ya kulipakua. Hiyo peke yake inatosha kuiweka hii programu.

Na ikikwama kwa nembo je? Hapa sikizeni vizuri. Kuanzia iPhone 8 kwenda juu, ikiwa imechomekwa, bonyeza sauti juu uachie, sauti chini uachie, kisha shikilia kitufe cha pembeni, nembo ikitokea usiachie, endelea kushika mpaka uone picha ya kompyuta na waya. Laptopu itakupa vitufe viwili, Update na Restore. Anza na Update. Update inaweka iOS upya bila kugusa vitu vyako, Restore inafuta kila kitu. Na intaneti zetu hizi, upakuaji ukipita dakika 15 simu inatoka yenyewe kwa ile hali, watu wanaona hivyo wanasema basi imekufa. Haijakufa, acha laptopu imalize kupakua alafu rudia vile vitufe tena.

Kama itabidi ifutwe, itakuja kuuliza akaunti ya Apple ya mwenyewe, kwa hivyo wewe unayenunua ex-UK pale Luthuli Avenue hakikisha aliyekuwa nayo ameshatoka kwa akaunti yake kabla hujatoa pesa.

Kurudisha bakapu, moja, haiwezi kuingia kwa simu yenye iOS ya zamani kuliko ile ilitoka nayo, apdeti simu kwanza. Pili, apu zenyewe hazimo ndani ya bakapu, ni data zake tu, apu zitaanza kushuka moja moja kutoka App Store, kwa hivyo fanya ukiwa mahali pana Wi-Fi la sivyo bando lako litaisha hapo hapo.

Shangazi sasa analeta simu kila Jumapili ya mwisho kabla ya kikao cha chama, tunachomeka tukinywa chai. Wa Samsung nawajia na Smart Switch, programu yenu ya kazi kama hii, niandikieni hapo chini mnatumia simu gani.