RAV4 tatu, njia moja ya Machame

Kuanzia 2011 nilikuwa na gari, Toyota RAV4 ya 2003, ile tunayoiita Kilitime. Sasa nina ya 2007, Miss Tanzania. Kaka yangu wa Arusha ana ya 2014, na akija Moshi funguo huwa zinahamia kwangu.

Gari hili lilianza 1994 likiwa kigari kifupi cha milango mitatu, ya mitano ikafuata 1995. Tangu hapo linanenepa tu. Kati ya Kilitime na Miss Tanzania upana umeongezeka kama sentimita nane. Utasema nane ni nini. Njoo kichochoro cha kwetu Machame, uzio wa masale huku, wa masale kule, uuangalie ubavu wa gari langu ulivyochorwachorwa.

Kwenye lami siwezi kulalamika. Injini ya cc 2400 inalipita lori pale Kikatiti bila kunitoa jasho, na watoto nyuma wanalala hadi Arusha. Mafuta inakunywa zaidi, hilo nililijua wakati nanunua.

Kisa kipo kwenye tope. Kilitime yangu ilikuwa four muda wote, yaani injini inazungusha tairi zote nne: unakanyaga taratibu, inapanda. Miss Tanzania inavutwa na tairi za mbele, za nyuma zinaitwa mambo yakiharibika. Masika ya kwanza nilipanda nayo kwa mazoea ya zamani. Za mbele zikasota, gari likarudi kinyumenyume, nikaegesha kwenye migomba ya jirani. Mama akatoka na mwavuli: "Mwanangu, si ulisema hili ndilo jipya?" Kumbe kuna kitufe cha LOCK, nami sikuwahi kukigusa. Unakibonyeza kabla ya kilima, nguvu inakwenda mbele na nyuma. Ukizidi km 40 kwa saa kinajizima, ila kwa kilima kile nani atafika 40?

Ya kaka imehamisha tairi ya spea kutoka mgongoni, na mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Ukipakia ndizi mvua ikinyesha, unajikinga chini yake. Hapo Toyota wamenikamata.

Ukienda kununua, usiamini neno "four" la dalali. Kilitime za cc 1800 zinavutwa na tairi mbili za mbele tu. Inama, chungulia nyuma: kama huoni difu wala propela shafti, yaani vyuma vinavyopeleka nguvu tairi za nyuma, anza kushusha bei.