Upinde wa inchi 62: rekebisha kitako cha kuwekea mshale kabla ya kununua upinde mwingine

Karibuni tena, watazamaji wangu. Huu hapa upinde wa kuwindia, mpini wa mbao, unafunguka vipande vitatu, inchi 62, nguvu ya kuvuta ratili 45. Ni jamii ileile ya upinde unaoitwa Samick Sage, kwa hiyo ya kwenye boksi nayaruka, mnayajua.

Kinachoniudhi ni hiki. Sogeza kamera hapa. Mahali mshale unapokaa, yaani kitako, pameachwa bapa kabisa, kama meza. Tazama nikipachika mshale na kuusukuma polepole: manyoya yanasugua kitako mwanzo mpaka mwisho. Ukiachia, mkia unarushwa juu, halafu mtu analaumu vidole vyake. Jamani, ni kitako!

Dawa yake ni njiti ya kiberiti. Kata kichwa. Tafuta pale mpini ulipobonyea zaidi, panapoingia mkono kati ya kidole gumba na cha shahada. Panda juu moja kwa moja, weka alama ya penseli. Gundisha njiti hapo ikikatiza njia ya mshale, kisha funika kwa ngozi laini ya milimita 1 hivi. Ubavuni mwa mpini, mshale unapoegemea, vilevile, njiti nyingine wima kwenye mstari huohuo. Sasa ona: napitisha karatasi chini ya mshale, mbele inapita, nyuma inapita. Unagusa sehemu mbili tu. Ukiiweka njiti mbele zaidi, mkono ukijipinda kidogo mshale unahama nao, ndiyo maana nasisitiza juu ya kibonyeo.

Wapo wanaouza pinde ghali ambazo kitako tayari kina mgongo. Ni nzuri, ila kwa sababu hiyo pekee usiongeze hela, nunua mishale.

Ugwe sasa. Uvishe kwa kamba yake maalumu, usipitishe mguu, utapinda bawa, yaani mkono wa upinde. Pima toka kwenye ugwe hadi kibonyeo: anza inchi 7.5, sokota mizunguko mitatu mitatu kwa upande ulikosokotewa, piga, sikiliza. Pinde hizi hutulia kati ya 7.5 na 8.25. Chini ya hapo ugwe unakuchapa mkono. Ukizidisha juu, safari ya ugwe inafupika na mshale unapoteza kasi. Ugwe ukianza kujikunja vifundo, tafuta ugwe mfupi zaidi.

Unavuta kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini? Alama ya kupachikia mshale kwenye ugwe iwe nusu inchi juu ya usawa wa kitako. Vitatu vyote chini, anza 5/8, kwa sababu vidole vimeshuka na bawa la chini linabeba zaidi. Mkia ukiendelea kugonga kitako, pandisha kidogo kidogo.

Halafu hizo ratili 45 zimepimwa kwa mvuto wa inchi 28. Anayeishia 26 anapata kama 40, kwa hiyo mwenye mikono mifupi aagize mabawa ya 50. Na mlioko Kenya, uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977: pigeni shabaha tu.

Video ijayo tunapima ugumu wa mishale. Andaeni mitatu yenye manyoya na mitatu isiyo na manyoya, urefu mmoja, chembe (ncha) za uzito mmoja. Bonyezeni kengele isiwapite.