Matone ya vitamini D katika maduka ya dawa Malindi
Chupa zinafanana, nguvu hazifanani. Mtoto wa chini ya mwaka hupewa IU 400 kwa siku (IU ni kipimo cha kimataifa cha nguvu ya vitamini). Kuna chupa yenye kiasi hicho katika mililita 1 nzima, na nyingine katika tone 1 tu. Ukiipima ya pili kwa bomba la ya kwanza, umemzidishia mara nyingi: kutapika, choo kigumu, hata figo kuumia. Sisi twapendelea ya mililita, mradi mistari ya bomba isomeke. Mdondoshee ndani ya shavu, kooni atapaliwa. Sharubati yenye vitamini A usiikimbilie, maana kuanzia miezi 6 kliniki za serikali huitoa bure kila nusu mwaka. Na kwa joto hili la Malindi, chupa iliyokaa juani dirishani mwa duka iache hapo hapo.