Bodaboda ya kuita kwa simu: nyota moja, labda mbili

Mimi si mtu wa kuandika maoni, ila juzi hapa nimeudhiwa, acha niseme.

Nakaa Kimara, kazi Posta, hapa hapa Dar es Salaam. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, nauli 650, niliwacheka watu wa pikipiki. Sasa fika Kimara Mwisho saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone watu walivyojaa. Ukibahatika kupenya, unasimama mguu mmoja, kwapa la mtu usoni. Bosi hayo hayamhusu. Ndiyo nikapakua programu ya bodaboda.

Kijana alikuja haraka, sikatai. Kofia ngumu moja, kaitundika kiwikoni. Nilipoiomba akanipa, ndani imelowa jasho la abiria aliyenitangulia. Nikavaa hivyo hivyo. Manzese foleni ikakaza, akachomokea njia ya mwendokasi. Nikiri tu: sikumkataza. Nilifurahi! Mpaka honi ya basi ilipolia mgongoni, nikamng'ang'ania jaketi kama mtoto.

Tulipofika kituo cha Fire akazima pikipiki. "Shuka hapa sista, mjini siingii, wanakamata." Namwonyesha simu: Posta, nimelipia Posta. Hata haangalii. "Simu ndiyo imesema Posta, siyo mimi. Ukitaka nijilipue, ongeza buku mbili." Nikamwambia siongezi hata mia. Akanitazama kuanzia viatuni. "Ungekuwa na hela ungepanda gari."

Mbele ya kituo kizima! Watu wakacheka. Kofia akaninyang'anya, akageuza, huyoo.

Nimetembea Fire mpaka Posta na viatu vya kisigino. Huduma kwa wateja wakanitumia ujumbe: tunathamini maoni yako. Nyota moja, na hiyo nayo ni huruma.

Ila sasa. Pamoja na kutembea kote kule, niliingia ofisini saa mbili kasoro. Jirani yangu wa dawati, wa mwendokasi, aliingia saa tatu kasorobo, shati limekunjamana. Na yule kijana, njiani simu yake ililia, nikamsikia akimbembeleza tajiri, mwenye pikipiki, amvumilie hesabu ya siku mpaka usiku. Pikipiki ya mkataba hiyo. Akikamatwa, siku imekwenda. Sawa, lakini matusi ya nini?

Leo asubuhi nimeita tena. Kofia nimenunua yangu, inakaa chini ya meza ofisini. Viatu vya kisigino viko humo humo ndani ya kofia. Na mwisho wa safari nimeandika Fire.