Uzoefu wangu: Diana of Dobson's, tamthilia ya Cicely Hamilton, nakala ya kusomea kwenye simu (nyota tatu)

Nyota mbili nilizokata ni za aliyeitengeneza nakala, si za Cicely. Kitabu kimepigwa picha, kisha mashine ikaachiwa ikisie herufi. Majina ya wahusika yamegandana na maneno yao, kila mistari mitatu unarudi nyuma kutafuta nani anamjibu nani, kama unasikiliza ugomvi wa majirani kupitia ukutani. Nimedai pesa yangu, kimya.

Na bado nimeisoma mara mbili.

Kilichoninasa ni sehemu ya kwanza. Ni usiku, bwenini, katika Dobson's, duka la nguo London. Wasichana wauzaji wanaingia wamechoka, wanavua nguo za kazini, wanabandua nywele za bandia, midomo haitulii. Enzi hizo wauzaji wengi Uingereza walilala na kula kwa tajiri wao, na kosa dogo tu ni faini. Diana analipwa shilingi tano kwa wiki, yaani paundi 13 kwa mwaka. Mimi nimeuza nguo dukani miaka minne. Nilipofika kwenye faini nilicheka peke yangu ndani ya daladala, maana bosi wangu naye alikuwa na kidaftari chake.

Basi Diana anapata urithi wa paundi 300. Mwingine angeweka benki; yeye anakwenda kuzitafuna Uswisi mwezi mmoja, akijifanya mjane mwenye nazo. Hotelini anaposwa na tajiri mwenye maduka, na kumbe aliwahi kumfanyia kazi! Jibu analompa lisome mwenyewe.

Utangulizi kuhusu mwandishi ni kiduchu, ikabidi nitafute kwingine. Alizaliwa London mwaka 1872, jina la ukoo Hammill. Hamilton ni la jukwaani. Alizunguka miji kwa miaka na vikundi vya maigizo kabla tamthilia hii haijamtoa, na inaonekana: hakuna anayesimama tu akihutubia, kila mtu ana kifungo cha kufungua au soksi ya kuvua huku akisema. Ilianza Kingsway Theatre Februari 1908, Lena Ashwell akiwa Diana na mwenye kuendesha ukumbi pia, ikachezwa mara 143. Mwaka uliofuata, pamoja na Christopher St John (naye ni mwanamke, jina lisikudanganye), akaandika kichekesho ambamo wanawake wanagoma kazi na kwenda kwa ndugu zao wa kiume walishwe, hadi wanaume wenyewe wanadai wanawake wapewe haki ya kupiga kura. Maneno ya wimbo wa wanawake waliopigania kura, ambao muziki wake ulitungwa na Ethel Smyth, ni yake pia. Vita vya 1914 vilipozuka alikwenda Royaumont, Ufaransa, kwenye hospitali iliyoendeshwa na wanawake.

Ninachomlaumu ni mwisho. Mwaka 1909 huyuhuyu alitoa kitabu kizima akisema ndoa kwa mwanamke wa wakati wake ni biashara ya kutafutia riziki. Sasa mbona Diana, hana kitu, usiku kando ya mto Thames, anaishia kwa kapteni mwenye paundi 600 kwa mwaka? Dada yangu anasema ni mapenzi. Mimi nimezihesabu zile paundi mara mbili, na nadhani Cicely alitaka tuzihesabu.

Nunua ya karatasi.