TAHADHARI: Muuzaji wa "seti kamili" ya vifaa vya kuundia skii, Colorado na Utah

Wakuu mlioko Denver, Salt Lake City na vitongoji vyake, hasa nyie mafundi mbao mlioanza kujiundia skii (zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji) gereji: kuna jamaa anatangaza "seti kamili" ya vifaa vya jozi moja kwa dola 140. Msitume hela.

Bei hiyo ndiyo chambo. Viwanda vinanunua plastiki na faiba kwa roli nzima, epoksi (gundi ya kuchanganya) kwa mapipa. Wewe wa jozi moja unakatiwa vipande kwa bei ya rejareja, kila kitu duka lake, kila mzigo nauli yake. Akitokea mtu anasema vyote viko boksi moja, lazima ushawishike. Rafiki yangu, fundi makabati hapa Aurora, aliagiza. Mzigo tuliufungua pamoja.

Kilichoniudhi zaidi ni plastiki ya chini. Ya skii ni polithilini maalumu, unene wa milimita 1.2 hadi 1.8 hivi, na upande mmoja hupitishwa kwenye moto kiwandani ili gundi ishike. Bila hivyo, polithilini haishiki gundi yoyote ya maana. Aliyotumiwa ni kama ile ya vibao vya kukatia nyama, imepigwa msasa upande mmoja ili ionekane imeandaliwa. Dondoshea maji upande wa gundi: yakitandaa, sawa. Yakijikusanya matone, umepigwa.

Kingo za chuma nazo ni kichekesho. Za kweli zina meno kwa ndani, yanazama katikati ya plastiki na faiba yakashikwa na gundi. Jozi moja ya watu wazima inakula kama mita 7. Jamaa katuma mkanda wa chuma mtupu, hauna jino hata moja. Ukibanduka ukiwa unashuka mlima kwa kasi, ni mguu huo.

Halafu "epoksi". Mliowahi kukaa karibu na mafundi wa boti za faiba Dar au Mombasa, ile harufu kali mngeitambua kabla kifuniko hakijatoka: ni polista, ile resini ya boti, lebo tu imebadilishwa. Hadina yake, yaani kigumishi, ni kichupa cha kudondoshea. Epoksi haichanganywi kwa matone, hadina yake inapimwa kwa ujazo au uzito, mfano sehemu 2 kwa 1. Na polista haishikani vizuri na mbao wala chuma.

Ukishalipa anakuja na la pili: eti mzigo ni mrefu kupita kiasi, ongeza dola 65 za usafirishaji. Uongo. Plastiki hiyo inakunjwa kama mkeka, na kingo zinazungushwa koili.

Malipo anataka PayPal kwa njia ya "ndugu na marafiki" tu, ambayo haina ulinzi wa mnunuzi. Ukimwambia ulipe kama mteja wa bidhaa anakwambia kuna wengine wanasubiri. Rafiki yangu alipodai arudishiwe, akafungiwa mawasiliano.

Jina la akaunti keshabadilisha, ila picha ni zilezile: vifaa vimepangwa juu ya turubai la bluu. Ukiliona tangazo, liripoti. Na anayejua duka linalouza kingo zenye meno kwa mita, Colorado au Utah, aseme hapa. Mbao za popla na mianzi tumeshazirandia, zimekaa tu.