Mto au bati?

Umeme wetu utoke kwenye maji ya mto au kwenye jua juu ya bati? Mtambo wa umeme wa maji wa Rusumo, kwenye mto Kagera, una uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Uzuri wa maji ni kwamba hayalali: saa nane usiku mashine ya barafu pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, inaunguruma, sangara hawaozi. Hofu yangu ni mito midogo. Mvua zikianza, samaki aina ya ningu hutoka ziwani kupanda mtoni kutaga. Ukijenga ukuta wa bwawa la umeme bila kuwaachia njia, safari inaishia hapo, na mayai yao tumboni.

Paneli za umeme wa jua juu ya bati la godauni hazigusi samaki yeyote. Shida giza likiingia: betri ghali. Hata hivyo, mimi ningeanza na mabati. Mwanza tunayo tele, yanaungua jua bure.